Mipango Ikivunjika, Isome Yeremia 29 Yote

Kila Julai matokeo ya kidato cha sita yakitoka, benchi la mbele ya kitalu changu hapa Tukuyu halikosi mtu. Atakuwa kijana aliyekosa alama za kusomea udaktari, au mama yake. Baadaye huja aliyenyimwa mkopo wa chuo, wa uchumba uliovunjika, wa usaili usiojibiwa. Mimi ni mzee wa kanisa katika ushirika wa Moravian, na ninauza miche ya parachichi. Nawaambia haya.

Kwanza lia. Usikimbilie kusema "ni mapenzi ya Mungu" siku hiyohiyo kwa sababu wageni wamejaa sebuleni. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Bwana, hata lini utanisahau? Kutumaini kunakuja mwishoni, malalamiko yakishasemwa yote. Ingia chumbani, funga mlango, ongea kwa sauti, kwa lugha uliyolelewa nayo. Mimi nikimlilia Kyala, yaani Mungu, kwa Kinyakyusa, maneno hutoka bila kupambwa.

Halafu shika karatasi zako. Kumtumaini Mungu hakumzuii mtu kukata rufaa. Bodi ya Mikopo hufungua dirisha la rufaa, na dirisha hilo lina siku yake ya kufungwa. Aliyefeli anaweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mlango ambao hujaubisha, usiseme Mungu ameufunga.

Ukishabisha na haukufunguliwa, fungua Yeremia 29. Mstari wa 11, ule wa mawazo ya amani na tumaini, umetundikwa katika nyumba nyingi huku kwetu. Naomba usianzie hapo. Sura ile ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka kutoka Yerusalemu hadi Babeli. Mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake. Wa 7 unawataka wauombee mji uleule waliopelekwa utumwani. Wa 10 unataja miaka 70. Ndipo tumaini linatajwa, kwa watu ambao wengi wao wangezikwa Babeli.

Sura moja nyuma yake, nabii Hanania aliwaahidi makuhani na watu waliokuwa hekaluni Yerusalemu kwamba ndani ya miaka 2 vyombo vya hekalu na mateka wote watarudi. Alisema kwa jina la Bwana, na Bwana hakumtuma. Kwa hiyo anayekutajia mwezi utakaopata kazi au mume, tena kwa sadaka maalumu, mkimbie. Nasema hivi kwa uchungu, maana nimeona ng'ombe wa familia wakiishia huko, na binti aliyengoja huo mwezi akaacha kabisa kusali.

Sasa panda kitu hapohapo ulipo. Nilipopata nafasi ya uuguzi, baba alipooza upande mmoja na ada yote ikaenda kwenye matibabu. Sikuota ndoto wala sikusikia sauti. Nilichokuwa nacho ni baba wa kugeuzwa kitandani mchana na usiku asipate vidonda, uji wa kumlisha polepole asipaliwe, na shamba la viazi lililotaka palizi. Nikafanya hayo. Majirani wakaanza kuniita waliposhindwa kumwogesha mgonjwa wao, na hadi leo wananiita. Miche nilijifunza baadaye kwa bibi mmoja: unaotesha kokwa la parachichi la kienyeji kwenye kiriba, shina likifikia unene wa penseli unalikata, unalipasua katikati, unachomeka kikonyo, yaani kijiti, cha parachichi la kisasa la Hass kilichochongwa kama kabari, unafunga kwa nailoni hewa isiingie. Mkono ukitetemeka hakishiki. Asubuhi nyingi sala yangu ilikuwa hiyo tu, mkono utulie.

Jambo moja zaidi: usiamue peke yako. Katika Matendo 16 Paulo alikatazwa kuhubiri Asia, jimbo la Kirumi lililokuwa katika Uturuki ya leo, akajaribu kuingia Bithinia, akazuiliwa tena. Maono ya mtu wa Makedonia aliyaona yeye, lakini mstari wa 10 unasema waliona hakika wote pamoja kwamba Mungu amewaita. Huko Filipi, mji wa Makedonia, wakamkuta Lidia, mwuza rangi ya zambarau, mwenyeji wa Thiatira. Thiatira ilikuwa katika jimbo lilelile la Asia alilokatazwa! Huwa nafurahi kila nikifika hapo. Tafuta watu wawili wanaosali na wasiokuogopa, wape habari yote, pamoja na kiasi cha fedha ulichonacho. Ushauri usiojua fedha zako ni wa juujuu.

Na wazazi wako wamo katika huzuni hii. Kama waliuza viazi vya msimu mzima ili usome, kilichovunjika ni chao pia. Usiwaache wakasikie habari sokoni au kwenye mazishi. Nenda mwenyewe, jioni watu wakiwa jikoni wanaota moto, uwaeleze kilichotokea na unachokusudia kufanya kesho yake. Baba akinyamaza, usiongeze maneno. Kisha umwombe asali, hata kama yeye siku zote huwa anamwachia mama.