Uyoga usio na jina: kuutoa miombo hadi hebaria

Hizi ni hatua za kukusanya uyoga ambao sayansi haijaupa jina, kutoka misitu ya miombo hadi hebaria (hifadhi ya sampuli kavu za mimea na kuvu). Beba kisu, kikapu, karatasi ya alumini, rula na simu yenye GPS. Mfuko wa nailoni uache nyumbani: uyoga huvundia humo kabla hujatoka porini.

1. Chimba, usikate. Ukikata shina, kikombe cha chini ya shina la uyoga wa Amanita kinabaki udongoni, na uyoga wa Termitomyces wa kichuguu anapoteza mzizi wake mrefu. Chukua michanga na iliyokomaa. Piga picha, mmoja ukiwa umepasuliwa katikati kando ya rula.

2. Andika mti ulio jirani. "Msituni" haisaidii mtu. Andika myombo au mtondoro, maana uyoga wengi wa jenasi za Russula na Cantharellus huishi kwa kushirikiana na mizizi yake.

3. Siku hiyohiyo andika harufu, maziwa (utomvu) ya uyoga wa Lactifluus, na rangi ya nyama mara tu baada ya kukata, kisha tena baada ya nusu saa. Uyoga mkavu hautakuambia haya.

4. Laza kofia juu ya alumini, funika kwa bakuli, acha usiku kucha ziteremke spora (chembe ndogo za uzazi). Karatasi nyeupe huficha spora nyeupe.

5. Kukausha. Kazi nyingi hufia hapa. Kwanza kata kipande cha nyama ya ndani ya kofia, ukubwa wa punje ya mchele, ukitie kwenye kichupa chenye silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu) kwa ajili ya DNA. Nyama ya nje ina udongo na ukungu wa kila aina. Kisha kausha kwa nyuzi 40 hadi 45. Kikaushio cha matunda kinatosha. Oveni sikushauri: hata ikiwekwa chini kabisa mara nyingi inapika, na uyoga uliopikwa seli zake husinyaa na DNA hukatikakatika. Jua la masika nalo halifai, kwani nje panakauka huku mabuu yanaendelea kula ndani. Huna umeme? Tandika wavu wa kuku juu ya jiko la mkaa, mahali ambapo kiganja kinavumilia bila kuungua. Shina nene lipasue kwa urefu, na usirundike. Uyoga ukipinda, bado; ukivunjika kwa mlio, tayari. Hapohapo uingie kwenye mfuko wa zipu wenye silika jeli, la sivyo utanyonya unyevu wa hewa na kuota ukungu.

6. Kwenye hadubini tumia potasiamu haidroksaidi ya asilimia 3 hadi 5, na kioevu cha Melzer (chenye iodini) kwa spora. Pima spora 20 au zaidi.

7. Kwa DNA soma eneo la ITS, sehemu ya DNA inayosaidia kutofautisha spishi za kuvu (kwa praima, yaani vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia, ITS1F na ITS4). Jibu la kwanza la GenBank (hifadhidata ya DNA) lisikuteke: uyoga mwingi wa Afrika haumo, na uliomo mwingine umebandikwa jina la Ulaya. Mfanano wa asilimia 97 peke yake hauthibitishi chochote.

8. Sampuli itakayobeba jina iwekwe hebaria, mfano ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ile ya Afrika Mashariki, Nairobi. Maelezo yawe kwa Kilatini au Kiingereza. Tangu 1 Januari 2013 jina jipya la kuvu lazima lichapishwe na namba ya usajili, kama ya MycoBank au Index Fungorum (hifadhidata za majina ya kuvu). Bila hiyo halihesabiki.