Kabla hujaongeza kifurushi kwenye seva inayofanya kazi

Chukua bakapu ya /etc nzima (folda ya mipangilio ya seva), siyo ya folda moja unayodhani ndiyo utaigusa. Angalia nafasi ya diski. Haya unayajua, yafanye tu.

Kisha iulize seva nani ameshika poti gani (poti ni mlango wenye namba unaopokea maombi ya mtandao): `sudo ss -tlnp`. Poti 80, ya http, haikaliwi na programu mbili kwenye anwani ileile. Aliyewahi ndiye mwenyewe. Anayefuata anakataliwa, na kwenye logi utakuta "Address already in use".

Sasa hili lisome polepole, maana lilinigharimu usiku mzima. Nilikuwa natunza seva ya Ubuntu ya shule moja, Nginx (programu ya kuhudumia tovuti) ikifanya kazi yake bila shida. Wakaomba ukurasa wa matokeo uliohitaji PHP, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti. Nikaandika `apt install php` (apt ndiyo huweka vifurushi vya programu Ubuntu), nikakubali bila kusoma orodha. Kifurushi kile hutaka mojawapo ya njia tatu za kuendesha PHP, na kama huna hata moja, apt huchukua ya kwanza: moduli ya Apache, programu nyingine ya kuhudumia tovuti. Moduli ikaja na Apache nzima. Apache ikajaribu kuwaka, ikakuta poti 80 ina mwenyewe, ikashindwa. Ujumbe wa kosa ukapita kwenye skrini. Tovuti ilikuwa bado inafunguka, basi nikaweka php-fpm (njia nyingine kati ya zile tatu, ambayo Nginx huitumia), nikamaliza kazi, nikaondoka.

Apache ikabaki imeandikishwa kuwaka kila seva inapowashwa. Wiki kadhaa baadaye umeme ukakatika, tena jioni ya matokeo. Seva ilipoamka, Apache ikatangulia. Nginx ikakosa poti 80 ikagoma kabisa, na 443, ya https, nayo ikabaki haina mtu. Wazazi walioingia kwa http walikuta ukurasa wa salamu wa Apache. Walioingia kwa https hawakupata kitu. Nikahangaika na DNS (mfumo wa majina ya tovuti), nikahangaika na ukuta wa moto, nikafika hadi kudhani tumevamiwa. `nginx -t` ilinijibu kila mara kwamba mambo ni sawa, kwa sababu hukagua maandishi ya usanidi na faili zilizotajwa humo tu. Poti ikiwa imeshikwa na mwingine, haikwambii. Karibu na alfajiri ndipo nilipoandika `ss -tlnp` na kuona jina la Apache. Dawa ilikuwa `systemctl disable --now apache2`, kisha kuwasha Nginx.

Kwa hiyo anza na `apt install -s`, ambayo huonyesha kitakachoingia bila kuweka chochote. Orodha hiyo isome yote. Ukitaka php-fpm, itaje mwenyewe tangu mwanzo. Ukimaliza, kagua huduma zilizoandikishwa kuwaka, kisha washa seva upya kwa mkono wako, mchana, ukiwa umeketi mbele yake. Hatua hii usiiruke hata kama wenye tovuti wananung'unika dakika mbili.

Usiache nakala za faili ndani ya sites-enabled, folda ya usanidi wa tovuti zinazotumika. Apache ya Debian na Ubuntu husoma humo faili zinazoishia na .conf tu, lakini Nginx husoma kila kilichomo, hata tovuti.bak ya mwaka jana, halafu inakulalamikia "conflicting server name" huku mabadiliko yako mapya yakiweza kupuuzwa. `nginx -T` itakuonyesha yote iliyoyasoma. Kwa Apache tumia `apache2ctl -S`.

Wakati wa kupandisha toleo ukiulizwa kama ubaki na faili yako au upokee ya mtunza kifurushi, bonyeza D uone tofauti kwanza. Usijibu kwa haraka ya kwenda nyumbani.

Fungua dirisha la pili la SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mtandao) kabla ya kugusa lolote. Usianze Ijumaa jioni. Nywila ya konsoli iwe mkononi mwako, na simu ya mwenye funguo za chumba cha seva iwe inapatikana.