Kwenda Liwale peke yako kwa pikipiki: mafuta, mchanga, mito na pancha

Kutoka Nangurukuru, Kilwa, hadi Liwale, mkoani Lindi kusini mwa Tanzania, ni takribani kilomita 230, na kutoka Nachingwea ni kama 130. Kwa gari lenye watu watano na koleo, hiyo ni safari ya vumbi tu. Kwa mtu mmoja juu ya pikipiki hesabu inabadilika, maana hakuna wa kushika usukani wakati wewe unasukuma. Maelezo haya ni ya pikipiki tulizonazo huku, Boxer, TVS na nyingine za cc 125 hadi 150 zenye uzito wa kama kilo 120. Yanafaa pia kwa njia za ndani za Ruangwa, Kilwa na Nanyumbu.

Kanuni inayobeba mengine yote ni hii: usiingize pikipiki mahali ambapo kuitoa kunahitaji mikono minne. Wengi wanaogopa simba, lakini kinachowalaza watu porini ni pancha, petroli chafu na giza.

Msimu

Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mara nyingine unaingia Mei. Mwanzoni mwa Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata hata barabara kuu ya lami wilayani Kilwa, sembuse njia za ndani. Nenda kati ya mwishoni mwa Juni na Oktoba. Ukiwahi mno, Mei au Juni mwanzoni, nyasi bado ni ndefu kuliko usukani na zimefunika visiki vya miombo katikati ya njia. Kuanzia Agosti nyasi zinachomwa. Unaona mbele vizuri, ila vichaka vilivyoungua huacha ncha ngumu zinazotoboa tairi. Kama lazima kuchagua, chagua Julai.

Kuna jambo moja la kiangazi ambalo wageni hawalitarajii. Kwenye mbuga zenye udongo mweusi tembo hupita wakati wa tope, kisha tope linakauka likiwa na nyayo zao. Kila unyayo ni shimo la duara linaloweza kumeza sehemu ya chini ya gurudumu la mbele, na kingo zake ni ngumu kama tofali. Pita gia ya kwanza, miguu yote miwili ikigusa chini. Ukienda kasi rimu inapinda, na rimu iliyopinda huwezi kuinyoosha porini.

Mafuta na maji

Kwenye lami pikipiki ya cc 150 inaweza kwenda kilomita 45 au zaidi kwa lita. Kwenye mchanga, gia ya pili na mzigo, piga hesabu ya 30. Kwa kilomita 230 hiyo ni karibu lita 8. Ongeza nyingine 4 za kurudi ukikuta mto umekataa, jumla lita 12. Tanki likiwa na lita 10 au 11, beba dumu la lita 5, usilijaze hadi mdomoni kwa sababu petroli inatanuka juani, na ulifunge kwenye keria nyuma, si kwenye begi la mgongoni.

Vijijini petroli inauzwa kwenye chupa. Mara nyingi ni nzuri, ila ina tabia ya kuwa na maji. Iinue chupa juani uitazame chini: maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini kama tone linalotembea ukiinamisha. Mimina kupitia kitambaa safi cha pamba na uache sentimita mbili za mwisho chupani. Maji yakishaingia, pikipiki inakohoa na kuzima ukivuta mafuta. Funga koki, fungua skrubu ndogo ya kumwagia iliyo chini kabisa ya kabureta, mwaga kikombe chote, funga, fungua koki tena. Ni kazi ya dakika tano kwa mwenye bisibisi inayoingia pale, kwa hiyo ijaribu nyumbani.

Maji ya kunywa: lita 5 kwa mtu mmoja, kwenye vyombo viwili. Chombo kimoja kikipasuka ukianguka, kipo kingine. Ongeza pakiti mbili tatu za chumvichumvi za ORS.

Vya kubeba

Usibebe kila kitu cha fundi. Beba kinachofungua pikipiki yako, si ya jirani. Usiku wa kuamkia safari toa gurudumu la nyuma na ulirudishe kwa kutumia vifaa vya begini peke yake. Spana ikikosekana utaijua ukiwa uani kwako.

Tyubu mbili mpya, moja ya kila gurudumu. Soma namba ubavuni mwa tairi, kwa mfano 2.75-17 au 3.00-17, usikubali "hii nayo inaingia". Viraka kumi, solusheni mbili (iliyofunguliwa hukauka ndani ya tyubu yake bila kukuambia), msasa, vyuma vitatu vya kufungulia tairi, pampu ya mkono na kipimo cha upepo. Plagi moja na spana yake. Kiungo cha kufungia cheni, viwili. Waya wa kufungia, vipande vya mpira wa tyubu kuukuu, mita tano za kamba, tochi ya kichwani, panga.

Waya wa klachi wa akiba usiubebe begini. Upitishe sasa hivi pembeni ya ule unaotumika, kuanzia usukanini hadi kwenye injini, uufunge kwa tepu. Ukikatika wa kwanza unachomoa ncha mbili na kuchomeka mbili, tanki halifunguliwi. Na kama umekatika huna mwingine, bado unaweza kutembea: washa injini bila gia, sukuma pikipiki mpaka ianze kwenda yenyewe kidogo, kisha bonyeza gia ya kwanza. Kupanda gia, achia mafuta kidogo na ubonyeze kwa wakati huohuo. Kusimama ni kuzima.

Mzigo wote usizidi kilo 20, na uwe chini na karibu nawe. Mzigo mrefu juu ya keria unanyanyua gurudumu la mbele kwenye mchanga.

Mchanga

Shusha upepo kabla ya kuuingia, si baada ya kuanguka. Kama kawaida unatembea na psi 28 mbele na 32 nyuma, shuka hadi 18 mbele na 20 nyuma. Tairi linalala, linapata upana. Usishuke zaidi ya hapo kwa tairi lenye tyubu: rimu itaing'ata tyubu kwenye jiwe la kwanza, au tairi litazunguka juu ya rimu na kung'oa valvu. Ukirudi kwenye njia ngumu, jaza tena. Ndiyo, inachosha. Ndiyo maana ya pampu.

Kwenye mchanga wenyewe, shusha gia mapema, kaa nyuma ya kiti, legeza mikono. Usukani utacheza, uache ucheze. Anayeukaza ndiye anayeanguka. Macho yawe mita 20 mbele, kwa sababu ukiangalia gurudumu unalifuata linakokwenda. Mafuta yasiyumbe, na breki ya mbele uisahau kabisa. Kama kasi inapungua, ongeza mafuta taratibu. Kuachia ghafla kunazamisha gurudumu la mbele.

Likizama la nyuma, acha kuvuta mafuta mara moja. Kila mzunguko unachimba, na dakika moja baadaye injini imekaa juu ya mchanga. Zima. Funga koki ya petroli. Ilaze pikipiki ubavu wa kushoto, jaza shimo kwa miguu na matawi, kisha iinue. Huhitaji nguvu nyingi: piga usukani wote upande ilikolalia, weka gia ya kwanza ili isitembee, ipe mgongo, makalio yaegemee kiti, mkono mmoja kwenye mshikio wa usukani na mwingine kwenye keria, chuchumaa, kisha nyanyuka kwa miguu ukirudi nyuma hatua ndogondogo. Kiuno kisifanye kazi. Subiri dakika kadhaa kabla ya kuwasha ili oili irudi chini.

Mito na vijito

Mkiwa wawili mmoja anaingia kupima, mwingine anaangalia. Peke yako unahitaji mtu wa kijijini, na kama hayupo, hupimi mto mkubwa. Ruvuma, Mbwemkuru na Matandu si mahali pa kuingiza miguu kwa kubahatisha, mamba wapo. Kwa vijito vidogo vyenye maji angavu, kata fimbo na utembee kwanza njia yote utakayopita, ukitafuta mashimo na mawe ya kuteleza. Maji yakifika kwenye ekseli, unapita. Yakifika magotini, sukuma pikipiki ikiwa imezimwa. Yakipita goti na yanakwenda kasi, rudi.

Ukipita, gia ya kwanza, mafuta sawasawa, usibadilishe kitu katikati. Injini ikizima ndani ya maji usiiwashe tena pale, maana maji yaliyoingia juu ya pistoni hayabanwi, na kitakachopinda ni fito ya pistoni. Itoe, ng'oa plagi, piga kiki mara nyingi hadi kisirushe maji tena, kausha plagi, kamua sponji ya chujio la hewa. Angalia oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hapo unabadilisha oili au unasubiri gari.

Pancha

Nyuma ikianza kuyumba, usishike breki. Achia mafuta, iache isimame yenyewe. Sukuma hadi kivulini, tandika kanga chini, kila nati iwekwe juu yake. Nati iliyodondoka mchangani umeiaga.

Kama msumari au mwiba unauona, gurudumu halitolewi. Weka stendi ya katikati, zungusha hadi sehemu hiyo iwe juu, fungua tairi upande mmoja, vuta kipande hicho cha tyubu nje, kiraka, rudisha. Hii inaokoa nusu ya kazi.

Kama huoni, toa gurudumu. Kabla ya kulegeza, hesabu alama za kukazia cheni pande zote mbili ili ulirudishe likiwa limenyooka. Ukishaipata tundu kwenye tyubu, ilinganishe na tairi kwa kuanzia valvuni, kisha pitisha vidole polepole ndani ya tairi zima. Miiba ya huku inakatika ikabaki kichwa kidogo kama punje ya mtama, na huyo ndiye anayetoboa tyubu mpya baada ya kilomita mbili. Solusheni ipake nyembamba na uisubiri ikauke hadi isishike kidole. Kosa kubwa la wenye haraka ni kubandika ikiwa mbichi.

Kurudisha tairi, anza upande ulio mbali na valvu na umalizie valvuni, huku ukikanyaga upande ule wa kwanza uingie kwenye mtaro wa katikati ya rimu. Ukilazimika kutumia nguvu nyingi na chuma, tairi halijaingia mtaroni, na chuma hicho kinaelekea kutoboa tyubu. Viraka vikiisha kabisa, shindilia tairi nyasi ngumu hadi lisibonyee, utembee kilomita 15 kwa saa hadi kijiji kijacho.

Wanyama, watu na saa

Pembezoni mwa pori la akiba la Selous tembo wanavuka njia alfajiri na jioni. Ukimwona, simama ukiwa mbali, zaidi ya mita 100, usipige honi, geuza pikipiki kwanza ndipo uanze kusubiri. Kundi likiwa na watoto, usipite katikati hata kama pameachwa nafasi. Mbung'o wanafuata kinachotembea na wanapenda rangi nyeusi na ya buluu. Vaa kaki, mikono mirefu, kitambaa kizito.

Njia pana, safi, isiyo na alama za baiskeli ikikutokea upande wa magharibi, usiifurahie. Huenda ni ya doria ya pori la akiba, na kuingia bila kibali ni kosa.

Kuuliza nako kuna ufundi. Ukisalimia vizuri na kuuliza "njia hii inapita?", utajibiwa "inapita, si mbali", kwa heshima tu. Nenda kijiwe cha bodaboda uulize: nani amepita wiki hii, alipita na pikipiki gani, aliteremka wapi. Majibu ya maswali hayo matatu yanazidi ramani ya simu, ingawa ramani nayo ipakue kabla, kwa sababu ukishakiacha kijiji cha Njinjo, kwenye njia ya kutoka Nangurukuru, mtandao unakuja na kuondoka.

Mwachie mtu mmoja ujumbe wa maandishi: njia, vijiji, namba ya pikipiki, na saa ambayo asipokusikia aanze kupiga simu kwa mtendaji wa kijiji, ambaye namba yake umeiandika humohumo. "Nitafika jioni" haimsaidii.

Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa tisa alasiri ndiyo mwisho wa kuamua: kama kijiji cha kulala hakifikiki kabla ya saa kumi na moja, lala ulipo, hodi kwa mwenyekiti. Juni na Julai giza linaingia mara tu baada ya saa kumi na mbili jioni, na taa ya pikipiki hizi haionyeshi shimo la mchanga.

Ukifika gesti, kabla ya kuoga, osha sponji ya chujio la hewa kwa sabuni, ikamue na uianike ndani. Asubuhi ipake oili kidogo. Gonga spoki moja moja kwa bisibisi: iliyolegea inatoa mlio mzito kuliko wenzake. Kaza bolti za keria na za sproketi ya nyuma, na pima cheni ikiwa na mzigo, ichezee sentimita mbili hadi tatu.