Kupanga sebule ya Dar: njia na upepo kwanza, kochi baadaye

Sebule yetu hapa Tabata ni ya futi 12 kwa 14, na ina milango mitatu: wa mbele, wa jikoni na wa korido ya vyumbani. Miaka minne tuliishi humo kama abiria wa daladala, mmoja akitaka kupita wengine wavute miguu. Seti ya kochi ya watu saba tuliiagiza kwa mafundi wa samani wa Keko kabla hatujapima chochote. Nilipoipanga upya sebule hii, kochi nililiweka mwisho kabisa kwenye orodha, na ndivyo ninavyomshauri kila anayeniuliza.

Toa vitu vyote nje, fagia, kisha shika chaki na futikamba. Chora kwanza milango inavyofunguka. Halafu chora njia: kutoka mlango wa mbele hadi jikoni, na kutoka mlango wa mbele hadi korido. Kila njia ipe sentimita 80 hadi 90. Kipimo changu ni mtu aliyebeba sinia la wali kwa mikono miwili. Akilazimika kwenda ubavu, hapo hapatoshi. Eneo litakalobaki bila chaki ndilo la kukaa watu. Kwangu zilibaki kona moja na ukuta mmoja, basi. Inauma kidogo kuona hivyo, lakini heri ujue ukiwa na chaki mkononi kuliko ukiwa umeshamlipa fundi.

Hapo hapo fikiria sitara. Mgeni akibisha hodi na mlango ukafunguliwa, anaona nini? Kama macho yake yanaingia moja kwa moja koridoni, binti akitoka bafuni na kanga atakwama huko mpaka mgeni aage. Mimi nilitundika pazia zito kwenye mdomo wa korido, na viti vya wageni nikavigeuza viipe korido mgongo. Viatu navyo viwekee kishubaka karibu na mlango, nje ya njia uliyochora.

Sasa upepo. Joto la Dar la Desemba hadi Machi halina mzaha, na nyumba nyingi zinazidisha joto zenyewe kwa kuziba madirisha na kabati la vyombo. Fanya hivi: jioni fungua madirisha yote, zima pangaboi, weka chetezo chenye udi katikati ya sebule, ukae chini uutazame moshi. Utauona unakoelekea na unakokwama. Rudia kusi ikianza kuvuma, maana kaskazi na kusi haziji kwa upande mmoja. Penye moshi unaotembea, weka watu. Kabati refu lipeleke kwenye ukuta usio na dirisha. Kwangu moshi ulikuwa unazunguka kwenye kona ya kabati na kurudi. Tulipolihamisha, usiku ule ule tuliona tofauti.

Kochi usiliegemeze ukutani kabisa. Acha nafasi ya kupitisha kiganja, hasa ukuta wa nje, kwa sababu masika ikikolea unyevu unakaa nyuma ya kitambaa na ukungu unaanza bila wewe kujua. Kwa sababu hiyo hiyo zulia nene nililiacha. Taili na mkeka wa ukili vinatosha, na mkeka unaanikwa juani ukakauka siku hiyo hiyo.

Kabla ya kwenda Keko, tandika magazeti sakafuni kwa ukubwa wa kochi unalolitaka. La watu watatu mara nyingi lina urefu wa sentimita 200 hadi 220, na kina cha 85 hadi 95. Yaache magazeti siku mbili, watoto wapite, uone wanakanyaga wapi. Pima pia mlango wa mbele, ndani ya fremu, na kona yoyote ya ngazi. La kwetu liligoma mlangoni, fundi akaja kung'oa mkono wa kochi uani, na kitambaa hakikurudi kama kilivyokuwa. Siku hizi unamwambia tu: “Fundi, mikono na miguu ifungwe kwa bolti.” Anakuelewa.

Kati ya kochi na meza acha sentimita 40 hadi 45, goti lipite na kikombe kifikiwe. Mimi meza kubwa ya kioo niliiuza, nikanunua stuli nne zinazoingiana.

Runinga isitazamane na dirisha la magharibi, la sivyo kuanzia saa kumi jioni utaona pazia lako mwenyewe kwenye kioo. Ya inchi 43 inatazamika vizuri ukiwa umbali wa mita moja na nusu hadi mbili na kidogo. Iweke karibu na soketi. Waya wa ekstensheni usikatishe njia hata kwa siku moja.

Halafu kuna mama. Mama yangu hutoka Tanga kuja kukaa nasi, na magoti yake hayapendi kochi laini lililo chini. Nilimtengenezea kiti cha mninga chenye mikono, kikalio kigumu, kimo cha sentimita 48, nikakiweka dirishani upepo unapopita. Kama una mzee, anza na kiti chake kuliko rangi ya mapazia.

Jingine nililozingatia ni shughuli. Sebule ya kwetu lazima iweze kuwa tupu, kwa kisomo, kwa msiba, kwa kikao cha posa. Kila kitu kiwe cha kubebwa na watu wawili. Kwenye arobaini ya baba mkwe, vijana wawili walitoa vyote uani kwa dakika kama 20, majamvi yakatandikwa ukuta kwa ukuta, na kiti cha mama tukakiacha palepale dirishani.