Kabla hujamnunulia mwanafunzi laptopu ya mtumba

Ukiingia dukani Mombasa kutafuta laptopu ya mtumba ya mwanafunzi, kabla ya bei uliza tarehe. Kila Chromebook, yaani laptopu ya mfumo wa ChromeOS wa Google, ina siku yake ya mwisho ya kupokea masasisho ya usalama, hata kioo kiwe kinang'aa vipi. Fungua mipangilio, sehemu ya kuhusu ChromeOS, utaiona. Zilizotoka kuanzia 2021 hupewa miaka 10, lakini huhesabiwa tangu toleo hilo la mashine litoke, si tangu siku unayolipa. Ya Windows nayo iwe inakubali Windows 11, maana huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 2025.

Halafu mulika matundu ya chaji na USB kwa tochi ya simu. Hewa yetu ya chumvi hula vyuma. Ukiona kutu au ukijani, irudishe. Chomeka chaja uitikise kidogo. Chaji ikikatikakatika, achana nayo, hata muuzaji akupunguzie.

Tableti zinawafaa watoto wadogo. Wa sekondari anayeandika insha anahitaji kibodi, tafadhalini sana wazazi. Na betri ihimili vipindi vyote vya asubuhi, kwani soketi za darasani hazitoshi wote.