Siku ya kwanza Guangzhou ukiwa peke yako

Guangzhou, China, iko saa 5 mbele ya Dar. Ukitua uwanja wa ndege wa Baiyun saa 2 asubuhi, mwili wako bado uko saa 9 usiku. Usikimbilie kitanda. Acha begi mapokezi, nawa uso, toka nje juani. Mwanga wa mchana hurekebisha saa ya mwili kuliko kahawa.

Mimi huzunguka mtaa wa Xiaobei taratibu, nakula wali na supu ya moto, na siulizi bei ya mzigo wowote. Dada zangu, msinunue na usingizi kichwani! Anwani ya hoteli iwe karatasini kwa Kichina, umwonyeshe dereva. Nyumbani waage mapema, maana WhatsApp haifunguki kwa waifai ya hoteli. Ukizidiwa, jinyooshe nusu saa tu, na kengele ya simu umeitega, halafu vumilia mpaka saa 3 usiku.