Sinema ya sebuleni kwa shilingi 40,000: anza na spika mbili

Ukiingia duka la vifaa vya stima Oginga Odinga Street, Kisumu, au Kenyatta Avenue, Nakuru, jicho hukimbilia namba kubwa kwenye kasha la hom thieta: wati 10,000 PMPO, wati 15,000 PMPO, yaani kilele cha kufumba na kufumbua kinachoandikwa kwa ajili ya matangazo. Mwombe muuzaji aigeuze amplifaya, usome kibandiko cha nyuma. Usishangae ukikuta inakula wati 80 kutoka kwa soketi. Chombo hakiwezi kutoa kwa mfululizo nguvu inayozidi ile kinayokula. Wati za kutegemea ni zile za RMS, yaani nguvu ya mfululizo, na sebule ya mita tatu kwa nne inatosheka na wati 30 za namna hiyo kwa kila spika.

Ushauri wetu ni usinunue kasha la spika tano kwa mkupuo. Nunua spika mbili nzuri na risiva, yaani amplifaya inayopokea sauti ya runinga na kuigawa kwa spika, mengine yaje polepole. Sehemu kubwa ya tunayotazama, yaani habari, mpira wa chaneli za bure na video za YouTube, huja na sauti ya njia mbili tu. Hizo spika za nyuma zitakaa kimya au zitarudia yaleyale ya mbele.

Hatua ya 1: Gawa pesa kabla ya kutoka nyumbani

Mfano wa shilingi 40,000, runinga ikiwa tayari ipo: spika mbili za mbele 17,000, risiva ya mtumba 15,000, waya na gadi ya runinga 4,500, na 3,500 za stendi kwa fundi wa kuchomelea. Sabwufa haimo, na hilo ni la makusudi. Spika zenye koni ya inchi sita na nusu zitakuvusha mpaka upate pesa ya sabwufa inayostahili jina lake.

Hatua ya 2: Spika

Soma mambo mawili nyuma ya boksi. La kwanza ni omu, kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme. Tafuta 6 au 8. Zile za makasha ya hom thieta mara nyingi ni 3 au 4, na hizo huchemsha risiva ya kawaida. La pili ni desibeli, yaani ukubwa wa sauti inayotolewa kwa wati moja, umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 90 ikilinganishwa na ya 87 hutoa sauti ileile kwa nusu ya nguvu, kwa hiyo tofauti hiyo ndogo ya namba ni sawa na kununua amplifaya yenye nguvu mara mbili.

Kwa spika za mtumba, beba multimita na betri ya volti 1.5. Spika nzima ya omu 8 husoma kati ya 6 na 7 kwenye mita. Ya omu 4 husoma kama 3.5. Mita haitakuonyesha kama twita, ile koni ndogo ya sauti nyembamba, imekufa, maana kapasita iliyo mbele yake huzuia umeme wa mita, hivyo cheza wimbo na uweke sikio karibu na kila koni. Sukuma koni ya besi polepole kwa vidole vilivyotandazwa. Ikikwaruza, koili imeungua au imepinda, iache. Angalia pia ukingo wa koni: wa mpira hudumu, wa sponji huoza na kumeguka kama keki kavu hata kama boksi lilitunzwa vizuri.

Hatua ya 3: Risiva

Hapa ndipo pesa hupotea, na hapa ndipo bei ya kutupwa hupatikana pia.

Anza na volti. Kibandiko kikisema 230V au 240V, 50Hz, endelea. Kikisema 120V, chombo kilitengenezewa Marekani. 100V ni cha Japani. Ukikichomeka kwenye stima yetu ya volti 240, transfoma au fyuzi itakwenda papo hapo, na kubadilisha kichwa cha waya hakusaidii kitu. Ukikipenda sana, utahitaji transfoma ya kushusha volti yenye uwezo unaozidi ulaji wa chombo: risiva ya wati 300 ipewe transfoma ya 500. Jumlisha gharama hiyo kwenye bei kabla ya kufurahia.

Kisha iwashe kwa dakika ishirini ukiwa na spika zako mbili. Zihamishe kwenye kila jozi ya matundu ya spika nyuma yake, sikiliza kama kuna upande unaokatakata. Ile tik ya relei, swichi ya ndani inayoziunga spika, sekunde chache baada ya kuwasha ni dalili njema. Ikikataa na skrini ikaandika PROTECT, huenda kuna tranzista zilizoungua ndani. Dai rimoti, kwa sababu menyu za risiva nyingi hazifunguki bila rimoti.

Watu wengi huikwepa risiva ya zamani isiyo na HDMI, au ambayo HDMI zake zimekufa, na ndiyo maana bei yake iko chini. Ikiwa ina soketi ya optiko, ile inayopokea waya wa mwanga mwekundu, bado itafungua Dolby Digital na DTS, mifumo ya sauti ya sinema, za njia tano na sabwufa. Picha ibaki kwenye runinga, sauti ipite kwa waya huo. Kwenye menyu ya runinga chagua Bitstream au Dolby Digital. Ukiiacha PCM, yaani sauti ambayo runinga imeshaifungua yenyewe, utapata njia mbili tu na utailaumu risiva bure.

Kama HDMI ni nzima, tafuta soketi iliyoandikwa ARC, yaani ya kurudisha sauti ya runinga kwenye risiva, kwenye vyombo vyote viwili. Soketi nyingine yoyote haitarudisha sauti.

Hatua ya 4: Waya

Shaba ya milimita za mraba 1.5 inatosha mpaka mita 15 kwa spika ya omu 8. Kwa omu 4 usizidi mita 8. Kwaruza ncha kwa wembe: ikionyesha weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, basi panda saizi moja. Fuata mstari uliochorwa ubavuni, chanya kwa chanya. Ukigeuza spika moja, besi hunywea na sauti za watu hukosa mahali. Ukiwa na shaka, gusisha betri yako kwenye waya: chanya kikiwa sahihi, koni hutoka nje.

Hatua ya 5: Kuziweka

Spika mbili na kiti chako vifanye pembetatu ya pande sawa, twita zikiwa usawa wa masikio ya aliyeketi, kama sentimita 90 hadi 100. Kosa tunaloliona kila nyumba ni kuzitundika juu kabisa kwenye pembe, karibu na dari. Huko besi huvimba na maneno hayasikiki. Sakafu ya tailsi itandike zulia, na mapazia yawe mazito.

Nyumba ya mabati isiyo na dari ina shida yake. Mvua ya jioni ya Kakamega ikianza, mtu hukimbilia kuongeza sauti hadi amplifaya inaanza kukwaruza, na twita huungua hapo, hata kama amplifaya ni ndogo. Subiri mvua ipungue.

Hatua ya 6: Stima na radi

Gadi ya runinga hukata volti zikipanda au kushuka na huchelewesha stima inaporudi. Haizuii radi. Ngurumo zikisogea, chomoa vichwa vyote ukutani na waya wa antena pia, kwa kuwa njia hiyo gadi haiioni. Juu ya risiva acha nafasi ya sentimita 10, usiifunike kitambaa. Joto la Kisumu litaimaliza.

Maswali mliyotuuliza

Kondele: Nina wufa ya kasha la zamani. Naweza kuichomeka pale risiva imeandikwa SUB?

Hapana, ndugu. Tundu hilo hutoa ishara hafifu tu, linahitaji sabwufa yenye amplifaya yake na kichwa chake cha stima. Hiyo yako ni spika tupu. Itafutie amplifaya ndogo, kisha kwenye menyu weka spika za mbele SMALL na mpaka wa hezi 80, ili besi ya chini ya hapo iende kwenye wufa.

Kakamega: Muvi za fleshi zinaonyesha picha, lakini hazina sauti. Nyingine ziko sawa.

Yaelekea faili hizo zina sauti ya DTS, na runinga yako haiifungui. Kama faili ina sauti ya pili, ichague kwenye menyu. La sivyo, cheza kwa kifaa kingine kinachoweza kuipeleka moja kwa moja kwenye risiva.

Section 58, Nakuru: Kuna mvumo usiokoma tangu niunge dekoda.

Chomoa waya wa dishi nyuma ya dekoda. Mvumo ukikatika, njia ya ardhi inazunguka kupitia waya huo. Chomeka runinga, dekoda na risiva kwenye ekstensheni moja. Ukibaki, tumia optiko, haipitishi umeme. Tafadhali usikate pini ya ardhi, hiyo ndiyo inayowalinda watoto.

Bungoma: Amplifaya ndogo ya Bluetooth, imeandikwa wati 50 mara mbili. Mbona haina nguvu?

Angalia adapta, dada. Ikiwa ni ya volti 12, kwa spika ya omu 8 hupati zaidi ya wati 9 safi. Bodi ikiruhusu volti 24, adapta ya 24 yenye ampea 4 au 5 itakupa zaidi ya wati 30. Kwa muvi tumia waya, Bluetooth huchelewesha sauti na midomo haifuatani na maneno.

Manyatta: Ninaishi ploti, ukuta mmoja na jirani. Sabwufa naweza?

Iondoe kwenye ukuta huo na kwenye pembe, iweke juu ya kipande cha godoro kuukuu, punguza sauti yake mpaka ugundue kwamba ilikuwepo pale tu unapoizima. Saa tatu usiku ikifika, zima kabisa, ubaki na spika mbili.